Kabla ya Kuhubiri Haki, Jifunze Karatasi za Msiba

Wiki iliyopita kijana mmoja aliye mwaka wa mwisho chuo cha Biblia aliniandikia. Baada ya shikamoo na salamu kwa Mama Mchungaji akaingia kwenye hoja: anatamani huduma ya mjini, ya kutetea wanyonge, kama anavyosikia tunafanya huku Mwanza. Swali lake kubwa lilikuwa nilipataje wafadhili. Martin Luther King, yule mchungaji Mmarekani aliyepigania haki za watu weusi, alimtaja mara mbili kwenye ujumbe mmoja.

Mtumishi, wafadhili sina. Nilicho nacho ni kabati la mafaili ambalo mlango wake haufungi. Nakujibu hadharani maana si wewe peke yako unayeuliza, na kwa vile mwezi huu nina furaha, nitajisifu kidogo, mnivumilie.

Furaha yenyewe inatokana na mama mmoja jirani wa kanisa letu, mitaa ya mlimani upande wa Igogo. Anayeijua milima ile anajua nyumba zilivyopanda juu ya mawe hadi unajiuliza tofali lilifikaje kule. Mama huyu ni mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Mumewe alikuwa na mtumbwi, mashine, nyavu na nyumba ya vyumba vitatu. Alipofariki tulimzika vizuri, watu wakajaa. Tanga lilipoanuliwa tu, shemeji zake wakaja na kufuli jipya. Mashine ilikuwa imeshaondoka usiku. Hoja yao ilikuwa fupi: wewe hukuolewa, uliletwa tu.

Na kweli ndoa hawakufunga, kanisani wala bomani. Waliishi pamoja, wakazaa, mtaa mzima ukamwita mke wa fulani. Shauri likafika mahakamani, na hapo ndipo ilipoanza kesi ya pili, kati yangu na kanisa langu mwenyewe.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema hivi: mwanamume na mwanamke wakithibitika wameishi pamoja miaka 2 au zaidi, katika hali iliyowafanya watu wawajue kama mke na mume, sheria inachukulia kwamba walioana, mpaka anayepinga alete ushahidi wa kuivunja dhana hiyo. Kwa lugha ya mtaani: waulizwe majirani. Na jirani mmojawapo ni mimi. Niliwafahamu wote wawili. Siku ya msiba nilimkuta huyu mama amekaa kwenye mkeka kama mfiwa, na shemeji zake hao hao ndio waliokuwa wakiwaelekeza watu kwenda kumpa pole. Nikaombwa kuwa shahidi, nikakubali.

Mashemasi wawili wakanifuata ofisini. Wakasema mchungaji akisimama mahakamani kumwita yule mke, anabariki uzinzi mbele ya hakimu. Mmoja wao nilimbatiza mwenyewe. Sisi Wabaptisti hatuna askofu wa kutuamulia, kanisa la mahali ndilo linaloamua, kwa hiyo jambo likaenda kwenye kikao cha washirika, tukajadili mpaka giza likaingia. Nilisema kitu kimoja tu, nikakirudia: mahakama hainiulizi nani alitenda dhambi, inaniuliza niliona nini. Kura zikaniruhusu, kwa shida. Familia kadhaa zikahamia kanisa jingine, na mchungaji wa huko akasema madhabahuni kwamba siku hizi wako watumishi waliogeuka wanaharakati. Tukikutana kwenye vikao vya wachungaji tunapeana mkono. Nimemsamehe. Nadhani nimemsamehe.

Habari za mahakamani naziruka. Asiyewahi kukaa kwenye benchi akisubiri faili liitwe, kisha akaambiwa hakimu yuko safari, hata akisimuliwa hataelewa. Mwezi huu hukumu imetoka: nyumba ni ya mama na watoto, mtumbwi urudishwe. Mashine haijulikani iliko hadi leo. Jumapili iliyofuata mama akaja na ndoo ya dagaa, akawagawia mashemasi, wakiwamo wale wawili. Wote walipokea.

Sasa ushauri, maana najua ndio mlioufuata hapa.

Anzia msibani. Walter Rauschenbusch, Mbaptisti mwenzetu, mwaka 1886 alipewa kanisa dogo la wahamiaji wa Kijerumani jijini New York, kando ya mitaa ya maskini iliyoitwa Hell's Kitchen. Alikwenda kuokoa roho, kama sisi tulivyotumwa. Kilichomsumbua hadi akaanza kuuliza habari za kodi za vyumba, mishahara na njaa ni watoto wadogo aliokuwa akiwazika. Leo wasomi wanamkumbuka kwa mafundisho ya injili ya kijamii, lakini mafundisho hayo yalianzia makaburini. Na wewe utazika, kijana wangu. Mchungaji wa mjini anazika kuliko anavyofungisha ndoa. Wakati wenzako wanapanga nani atasoma wasifu wa marehemu, wewe angalia nani ameshika funguo.

Kisha nenda na karatasi. Kibali cha mazishi kitunzwe, kifo kisajiliwe mapema na cheti kipatikane RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kwa sababu bila cheti cha kifo mirathi haifunguliwi. Kikao cha familia kiandikiwe muhtasari, mjane awepo, na asisainishwe chochote akiwa bado analia. Karatasi ya mauziano ya kiwanja ipigwe picha kabla "haijapotea". Nakala tu; karatasi za asili zisilale ofisini kwako hata siku moja. Halafu mtafute msaidizi wa kisheria, watu wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, umuulize mirathi ifunguliwe mahakama ipi. Usidharau swali hilo. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu, na nimeona shauri la Mkristo likifika mbali, kisha upande wa pili ukasimama kusema mahakama haikuwa na mamlaka. Wakaanza upya, watoto wakiwa wamerudishwa nyumbani kwa kukosa michango ya shule.

Watakuomba uwe msimamizi wa mirathi kwa kuwa mtumishi ni mwaminifu. Kataa. Msimamizi anaapa, na akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anapewa miezi 4 kupeleka orodha ya mali na hesabu zake. Ukichelewa kidogo tu, ndugu wa marehemu watatangaza mpaka stendi ya Nyegezi kwamba kanisa limekula nyumba.

Nenda na karatasi, nasema tena. Kwa King mwenyewe ilikuwa hivyo hivyo. Mgomo wa mabasi wa Montgomery, jimbo la Alabama, watu weusi walipokataa kupanda mabasi yenye ubaguzi, ulianza Desemba 1955, yeye akiwa mchungaji wa miaka 26, ukadumu zaidi ya mwaka. Hotuba zake tunazikariri. Nani anakariri orodha za wenye magari waliokubali kubeba watu kila asubuhi, vituo vilivyopangwa, na fedha za petroli zilizochangwa makanisani? Na kilichoondoa ubaguzi ndani ya yale mabasi hatimaye ni hukumu ya mahakama, katika kesi ambayo walalamikaji wake walikuwa wanawake wanne.

Wala hatuna haja ya kwenda mpaka Alabama. Hapa hapa Mwanza, Mahakama Kuu, mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya aliamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake. Watu wa ukoo walidai mila inamkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema katazo hilo ni ubaguzi na linapingana na Katiba, mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Ndugu zangu wachungaji, kila mwaka tunahubiri binti za Selofehadi waliosimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao, Hesabu 27, tunapiga kelele mpaka vipaza sauti vinakoroma, na mwanamke aliyefanya jambo lile lile, akashinda hapa hapa Mwanza, hatumtaji! Tunamwambia mjane avumilie, Bwana ni mume wake. Bwana ni mume wake, sawa, lakini Bwana huyo huyo katika Kutoka 22 amekataza asiteswe, na ametuweka sisi tunaojua kusoma jirani yake.

Mnisamehe, nimekwisha kupanda mimbarini.

Hela za fotokopi na nauli za daladala tunazitoa kwenye sadaka ya kawaida. Zikiisha, Mama Mchungaji ananikopesha kutoka kikoba chake, na ananidai kwelikweli. Mwezi ujao nataka darasa la wachumba liwe na kipindi kipya: kila mwenye kiwanja au chumba aje na karatasi yake, tuangalie ina jina la nani, na wakishaoana wakinunua kitu yaandikwe majina mawili. Shemasi mmoja ameshaniambia hiyo si kazi ya kanisa, tutawatisha vijana waache kuoa. Nimemwambia alete hoja kwenye kikao cha washirika, kura yake na yangu zina uzito mmoja.