Mombasa au Lamu kwa siku tatu?

Ndugu, kwa kuwa una siku tatu tu na utasafiri kutoka Nairobi pamoja na mama yako mzee, ningekushauri uchague Mombasa. Treni ya SGR itawafikisha Miritini, kituo chake cha Mombasa, kwa takriban saa sita, na kesho yake asubuhi, kabla jua halijawa kali, mnaweza kuzuru Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kisha mtembee polepole katika vichochoro vya Mji wa Kale vilivyo jirani yake. Lamu naipenda mno, lakini ndege hutua kisiwa cha Manda, mkavuka kwa boti na kupanda ngazi za gati, na njia za mjini ni nyembamba mno kwa teksi ya kumpumzisha mama miguu.