Situpu 200 kila asubuhi? Utajichosha bure

Ndugu, unauliza kama situpu 200 kila asubuhi zitakuondolea kitambi. Hapana. Misuli ya tumbo ni misuli tu, kama ya mapaja: ikichoka inataka siku moja au mbili za kupumzika ndipo ipate nguvu. Mara 2 au 3 kwa juma zinatosha, mradi ziwe ngumu. Mimi nalala chali, nakumbatia jiwe kifuani, nainuka polepole. Nikifika 12 natetemeka. Nikilizoea natafuta zito zaidi (hapa Goma, mji wa volkano, tukose mawe?). Kitambi chenyewe kiko kwenye sahani: punguza bugali na bia za jioni. Na kama unasukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, yenye mzigo kutwa nzima, siku hiyo tumbo limeshafanya kazi, liache.