Ukijikuta Unafungua Dirisha la Matatu Molo Mwezi wa Saba

Dada mmoja wa Kisumu aliniandikia wiki jana akiwa amejaa uchungu. Alikuwa amesimama Kondele akingoja magari yapungue avuke barabara. Mara kijana wa bodaboda akazima pikipiki, akaja, akamshika mkono na kumvusha polepole huku akiwaashiria wenye magari wangoje. Dada huyu ana miaka 39 na siku hiyo alikuwa amevaa raba mpya. Ananiuliza: "Kwani nimeanza kuzeeka? Na kama ni hivyo, nifanye nini?"

Dadangu, pole sana. Lakini Katiba yetu ya 2010 inasema kijana ni mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35, kwa hivyo serikali ilikutoa kwenye orodha zamani, kabla hata huyo wa boda hajakuona. Mimi nina 48 na yamenipata makubwa kuliko kuvushwa barabara.

Mnaonifuata mnajua nauza viazi hapa Nakuru na mzigo naufuata Molo. Molo mwezi wa saba si mchezo. Ukungu unakaa chini hadi saa nne, watu wamevaa makoti na kofia za marvin zimeshuka hadi kwenye nyusi, na ukiongea unatoa moshi. Nilikuwa kwenye matatu narudi nyumbani, madirisha yote yamefungwa kwa makubaliano ya abiria wote, mimi nikiwemo. Kabla hatujafika Salgaa, joto likanianzia kifuani. Likapanda shingoni, likaingia masikioni. Nikatoa leso. Nikavua sweta. Nikaanza kujipepea na risiti ya viazi, wapi! Nikafungua dirisha.

Upepo ulioingia sitausahau, na naamini abiria wenzangu hawatausahau pia. Mwanamume aliyekaa karibu nami akasema kwa adabu, "Mama, kuna mtoto humu." Makanga hakuwa na adabu hiyo: "Mathe, funga dirisha, utatugandisha!" Nikafunga. Jasho likanitiririka hadi mgongoni. Nikafungua tena. Watu wakaanza kunung'unika, mmoja akauliza kama nina mapepo.

Ndipo shosho mmoja wa kiti cha nyuma, aliyejifunika blanketi magotini, akasema kwa sauti ya kutoa matangazo kanisani: "Mwacheni. Hilo joto halitoki nje, linatoka ndani. Likiisha atafunga mwenyewe."

Matatu nzima ikanyamaza. Wanaume wote wakaanza kuangalia nje, hata wale ambao hawakuwa dirishani. Makanga, ambaye ni rika la kifungua mimba wangu, akanirudishia chenji yangu bila kudaiwa. Hilo peke yake liliniambia hali ni mbaya.

Daktari alinieleza baadaye. Hedhi ya wanawake wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55, lakini miaka kadhaa kabla ya hapo homoni ya estrojeni huanza kupanda na kushuka ovyo. Ile sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka, inadhani unaungua hata kama uko Molo. Joto lenyewe huja kwa dakika chache tu, likapita, kisha unaanza kutetemeka kwa baridi na huna wa kumlaumu kwa sababu dirisha ulifungua wewe. Mengine ya hospitali nayaruka, hayachekeshi. Ushauri wangu: vaa nguo za pamba, moja juu ya nyingine, zile unazoweza kuvua mbele ya watu bila kuleta kesi. Chai ya moto na pilipili kabla ya safari, punguza. Na ukae dirishani. Likikunyima usingizi usiku, muone daktari, dawa zipo. Lakini kwa safari, kaa dirishani.

Macho nayo. M-Pesa ilipoingia 2007 nilikuwa nasoma ujumbe huku natembea, tena kwenye zile simu za kioo kidogo. Juzi mteja amenunua viazi, simu yangu imezima, akanipa yake nithibitishe kwamba ametuma. Nikaiangalia, nikaona ukungu wa Molo. Nikainyoosha mbali nami ili maandishi yajipange. Mteja akadhani namrudishia. Akaipokea, akasema asante mama, Mungu akubariki, akaenda zake. Nilibaki nimenyoosha mkono hewani, na hadi simu ilipopata chaji sikujua kama nimelipwa 2,400 au 240.

Hili pia lina sababu. Lenzi ya jicho inakuwa ngumu kadiri miaka inavyokwenda, na ukishavuka 40 inashindwa kujibana kuona vitu vya karibu. Inampata kila mtu, hata yule aliyekuwa akitucheka darasani tukivaa miwani. Kuna miwani ya kusomea inayouzwa barabarani, unajaribu mpaka upate inayokufaa huku muuzaji akikushikia gazeti. Siwakatazi, hata mimi ninayo. Ila muuzaji wa barabarani haangalii nyuma ya jicho. Presha ya macho mara nyingi inakuibia uwezo wa kuona bila maumivu yoyote, na kilichoibwa hakirudi. Pima macho. Nasema tena, pima macho.

Kuna na hii ya kuelekeza watu. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021 na barabara zina majina, lakini mimi bado nawaelekeza watu kwa vitu ambavyo havipo. "Nishushe pale Nakumatt ilikuwa." Kijana wa boda anageuka kuniangalia kana kwamba nimetaja Agano la Kale, na duka lenyewe lilianzia hapa hapa Nakuru likiuza magodoro! Nyumbani nikisimulia maziwa ya Nyayo ya pakiti za pembetatu, kitinda mimba wangu ananiuliza kama tulikuwa wakimbizi.

Hayo yote nayacheka. Lililonikata ni la kule kijijini Bahati.

Mpwa wangu alikuwa na ruracio, sherehe ya mahari, mwezi wa nne. Huyu ni mtoto ambaye karo yake ya sekondari nililipa mimi, viazi kwa viazi. Nilikuwa nimeshona rinda la kitenge mapema na nimemwambia fundi aachilie nafasi kiunoni, kwa sababu mugithi, ile ngoma ya kupangana kama treni, sichezi nusu nusu. Kwetu treni ya mugithi ikianza, kichwa cha treni ni mimi. Ilikuwa hivyo kwenye harusi za dada zangu wote, na mpaka leo watu wananikumbusha.

Nikafika. Binti mmoja wa kamati, sijui hata ni wa nani, akanishika mkono (kumbe sisi sote tunashikwa mikono!) akanipeleka hema la wazee. Viti vyenye mito. Blanketi juu ya kila kiti. Tukaletewa chakula kabla ya wote, na nyama yangu ilikuwa imechaguliwa, laini, ya mtu asiye na meno. Meno yangu yote 32 yapo. Nilipotaka kuinuka muziki ulipoanza, mpwa mwenyewe akaja mbio na gauni lake: "Tata, usijichoshe. Wewe kaa tu, umetufanyia mengi." Alimaanisha mema, najua. Treni ya mugithi ikazunguka uwanja, ikapita mbele ya hema letu, na wote waliokuwa ndani yake wakanipungia mkono. Nikawapungia. Mzee wa pembeni yangu akaniuliza presha yangu inasoma ngapi, na tukaongea kuhusu presha mpaka jioni.

Kwa hivyo nyinyi mlio na miaka 25 mnaosoma hapa, sikieni. Heshima ni kitu kizuri, lakini muulize mtu kwanza. Msimkalishe mtu ambaye hajasema amechoka. Mnawatoa mama zenu kwenye ngoma, mnawatoa jikoni, mnawatoa kwenye maamuzi ya harusi walizozichangia, halafu mnashangaa mbona wamenyamaza. Na nyinyi wa rika langu, mkipewa blanketi saa sita mchana, kataeni! Mwili usiotembezwa unalala. Estrojeni ikishuka, mifupa inaanza kupungua uzito kwa kasi, na dawa ya kwanza ni kutembea, kubeba kikapu, kucheza, na kula vyenye kalsiamu. Dada wa Kisumu, wewe umebarikiwa, omena, wale dagaa wa ziwani, ziko mlangoni pako. Zile huliwa na mifupa yake, na kalsiamu iko kwenye mifupa. Kula. Halafu pima presha, maana yule mzee wa hemani alikuwa sawa katika hilo: ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, mara kwa mara, usingoje kuumwa kichwa. Na pima macho.

Kuhusu huyo kijana wa Kondele, mwache. Kondele magari hayamngoji mtu, hata mwenye raba mpya.

Desemba kuna ruracio ya mdogo wake mpwa wangu, Bahati hapo hapo. Nimeshaipigia kamati simu kwamba jina langu lisiandikwe kwenye hema lolote. Viatu nimenunua tayari. Ni vya chini, lakini vinacheza.