"Kwetu Wote Ni Wanene": Neno Lililonikwamisha Miaka Mitatu

Juzi binti wa miaka 23 ameniandikia: "Dada, kwetu bibi mnene, mama mnene, shangazi mnene. Nihangaike ya nini?" Nimeusoma ujumbe wake mara tatu. Hayo yalikuwa maneno yangu mwenyewe.

Nilimaliza masomo nikiwa na kilo 68. Miaka mitatu ya kazi ya kukaa kitako ikanifikisha 91. Kwa urefu wangu wa sentimita 165, uwiano wa uzito na urefu (BMI) ulipita 33, na kuanzia 30 huhesabiwa unene uliopindukia. Kwenye harusi ya binamu yangu, kifungo cha sketi kilikatika nikiwa ndiyo naketi. Kikabingirika hadi miguuni pa shangazi. Akakiokota, akanikabidhi mbele za watu: "Sasa umeingia ukoo." Wakacheka. Nikikumbuka, uso bado unaniwaka.

Nikaenda kwa daktari. Hakuuliza habari za wazazi wangu. Alisema tu "punguza kula", akaita mgonjwa mwingine. Alinikosea, kwa sababu kurithi kupo. Mapacha wa kufanana, hata waliolelewa nyumba tofauti, hukaribiana sana kwa uzito. Na mwaka 2007 jeni iitwayo FTO, yaani kipande cha urithi tunachopewa na wazazi, ilihusishwa na unene: aliyerithi nakala mbili zenye hatari, moja kwa kila mzazi, huwa mzito kwa wastani wa kilo 3 hivi kuliko asiyerithi hata moja.

Lakini jeni nilizokuwa nazo kwenye kilo 68 ndizo nilizokuwa nazo kwenye 91. Kilichobadilika ni usiku wangu. Chupa ya soda ya nusu lita kando ya kompyuta, gramu 50 hivi za sukari, nayo hainishibishi. Kulala saa nane, kuamka saa kumi na moja na nusu. Usingizi ukipungua, leptini, homoni inayouambia ubongo umeshiba, inaweza kushuka, na grelini, ile ya njaa, ikapanda. Ile njaa ya usiku wa manane niliyoiita ya ukoo, nilikuwa naitengeneza mwenyewe.

Nikaacha soda. Nikaanza kulala saa nne. Nikatembea nusu saa, siku tano kwa wiki, ndizo dakika 150 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Miezi ya katikati haina hadithi. Leo nina kilo 76, na ninajivunia kila moja iliyoondoka.

Kwa hiyo mdogo wangu, lala. Soda iache dukani. Tembea. Usiku ukikutana na njaa, jiulize jana ulilala saa ngapi kabla hujamlaumu bibi. Narudia, lala! Aliyerithi mwili mwepesi kunenepa ana sababu zaidi ya kujitunza, na mazoezi hupunguza nguvu ya hiyo hiyo FTO.

Mama ameanza kunifuata jioni. Ana miaka 58. Wiki ya kwanza alisimama mara nne njiani kupumzika. Jana alisimama mara moja.