Maswali na Majibu: Vizazi vya Wavuti

Je, intaneti na wavuti ni kitu kimoja? (Mwanafunzi, Ibanda, Bukavu)

Hapana, ingawa karibu sote huvichanganya. Intaneti ni njia yenyewe, yaani nyaya, minara na satelaiti, pamoja na kanuni za mawasiliano ambazo mtandao wa ARPANET wa Marekani ulihamia rasmi tarehe 1 Januari 1983. Wavuti ni kurasa zilizounganishwa kwa viungo zinazopita katika njia hiyo; Tim Berners-Lee aliipendekeza mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva.

Kizazi cha kwanza kilikuwa nini? (Mwalimu, Bagira)

Kilikuwa wavuti ya kusoma: wachache waliandika, wengine wote tukasoma. Hapa Bukavu wengi tuliionja kwenye saiba, kwa satelaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, kwa hiyo kila ombi na jibu lake vilitumia kama nusu sekunde angani tu, na picha ikashuka mstari kwa mstari huku dakika tulizolipia zikiisha.

Nauza vitenge Kadutu. Akaunti yangu ilifungwa na picha za miaka minne zikapotea pamoja na maoni ya wateja. Je, havikuwa vyangu? (Mama mfanyabiashara)

Pole sana, mama. Kizazi cha pili, kilichopata umaarufu kwa jina la Web 2.0 kuanzia mwaka 2004, kilimpa kila mtu nafasi ya kuandika: Wikipedia ilianza 2001, Facebook 2004, YouTube 2005. Kwa kawaida masharti ya kampuni hizi hukuachia haki ya picha ulizopiga, lakini picha zenyewe hukaa kwenye kompyuta zao, na wao ndio wenye ufunguo. Naliona hilo kuwa kosa kubwa la kizazi hiki. Katika akaunti mpya, pakua nakala ya kila kitu mara kwa mara, uihifadhi kwenye kadi ya simu, na namba za wateja uziandike daftarini.

Basi kizazi cha tatu kitatuokoa? (Fundi simu, Nyawera)

Jina hilo, yaani Web 3.0 au Web3, hubeba mambo mawili. Berners-Lee alikusudia data ambazo mashine zinaelewa maana yake. Gavin Wood, mtaalamu wa kompyuta kutoka Uingereza, mwaka 2014 alikusudia wavuti isiyo na mwenye ufunguo mmoja, ambayo kumbukumbu zake hutunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Nia hii ya pili naiunga mkono kwa moyo wote, ila ukipoteza neno lako la siri hakuna ofisi ya kukurudishia, na kwa kuwa kuhifadhi picha humo ni ghali, mara nyingi picha huwekwa kwingine. Nakala ya mama wa Kadutu bado inahitajika.