Tenki la pili litatuokoa miaka 20 ijayo?

SWALI: Habari mhariri, mi ni katibu wa kamati ya maji, tuko watu kama 4,000 na tunaongezeka kama asilimia 3 kila mwaka. Tuna kisima kirefu kimoja, pampu inatoa lita 15,000 kwa saa na tunaiwasha saa 16 kwa siku, maji yanaenda kwenye tenki la zege la mita 5 kwa 4. Jioni maji yanakatika. Wenzangu wanataka tujenge tenki la pili, eti hapo tutakuwa salama miaka 20, mi naona tunajidanganya, au mi ndo mbishi?

JIBU: Ndugu katibu, we sio mbishi. Tenki halizai maji jamani. Linatunza yale yaliyoingia usiku ili asubuhi watu wote wakifungua koki kwa pamoja yasikatike, ni kazi muhimu ila ni kazi nyingine kabisa. Pampu yenu inatoa lita 240,000 kwa siku, jengeni hata matenki kumi, bado ni 240,000.

Tuje kwenye watu. Asilimia 3 inasikika kidogo ila kila mwaka inapanda juu ya ongezeko la mwaka uliopita, kwa hesabu ya mkato gawa 70 kwa 3 unapata kama 23, ndo miaka ya idadi kufika mara mbili. Baada ya miaka 20 mtakuwa kama 7,200. Kamati nyingi zikishafika hapo zinafunga daftari, na hapo ndo zinapokosea, maana anayebeba ndoo na mwenye bomba ndani hawatumii sawa hata wakiwa ndugu wa tumbo moja. Wa ndoo anaweza kujibana na lita 20 kwa siku, akivutiwa bomba uani anaenda kwenye 50, akiweka bafu na choo cha kuflashi anagusa 100 wala hajioni mfujaji. Cape Town mwaka 2018 ukame ulipowabana waliwekewa kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku, kwa mji uliozoea bomba ile ilikuwa shida kweli. Sasa tuseme kwa wastani kila mtu anatumia lita 80, chukua watu 7,200 mara 80, ni lita 576,000 kwa siku, na pampu yenu inatoa 240,000. Umeona mnakoelekea?

Ila kabla ya kufika hiyo miaka 20 huko, kuna maji mnayopoteza leo. Fanyeni hivi: saa nane usiku watu wamelala, zimeni pampu, fungeni maji yanayoingia kwenye tenki lakini yanayotoka yaacheni, chovya kijiti, weka alama, rudi saa tisa. Tuseme yameshuka sentimita 10. Tenki lenu ni mita za mraba 20, kwa hiyo lita 2,000 zimekwenda kwa saa moja na hamna aliyeoga (toa kidogo kama kuna nyumba zinajaza masimtanki yao usiku). Kwa siku nzima ni kama lita 48,000, yaani moja ya tano ya maji yote mliyolipia umeme kuyavuta. Mkiziba hata nusu ya hapo mmepata maji mapya bila kuchimba, na nahisi jioni zenu zitabadilika.

Kisima chenyewe je? Hizo lita 15,000 zilipimwa lini? Kama ni baada ya mvua, hiyo namba msiiamini. Pimeni mwishoni mwa kiangazi, pampu ikimbie saa 24 au zaidi mfululizo huku mnaandika kina cha maji, halafu mkizima mwandike yanachukua muda gani kurudi. Yakichelewa sana kurudi, msiweke pampu kubwa hapo, tafuteni chanzo cha pili, na kisiwe pua na mdomo na hicho cha kwanza vitanyang'anyana maji.

Kuhusu hela, msinunue kila kitu cha miaka 20 leo. Pampu mtaibadilisha njiani mtake msitake, nunueni ya mahitaji ya karibu. Bomba kuu ni tofauti, likishafukiwa linakaa miongo, kufukua tena ndo gharama yenyewe, na la kipenyo mara mbili linapitisha maji zaidi ya mara nne, hapo nendeni kubwa tu.

Na mita ya kupimia maji pale kisimani, kama hamna, nunueni kabla ya mfuko wa kwanza wa simenti ya hilo tenki.