Hali ikiwa ngumu, nunua kipimo kabla ya mashine

Mafuta yalipopanda bei 2022, kisha 2023 dola zikaadimika na umeme ukawa wa mgawo, sisi wenye viwanda vya sembe hapa Mbeya tuligawanyika. Wapo walioahirisha kila kitu wakisubiri hali itulie. Wengine walikopa wakaagiza mitambo ya kisasa ambayo hata vipuri vyake ni vya kuagiza nje. Ushauri wangu ni huu: anza na kifaa kitakachokuonyesha hela yako inavujia wapi.

Kwetu kilikuwa kipima unyevu na mizani ya kidijitali. Wakati wa mavuno mahindi mengi huletwa hayajakauka vizuri. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, likikaushwa hadi asilimia 13 lisiote ukungu stoo, linabaki kilo 94 hivi. Zile nyingine umenunua maji. Siku hizi karani anachoma bambo, kile chuma chenye uwazi cha kuchotea sampuli, katikati ya gunia, anamimina punje kwenye kipimo, na mkulima anajisomea namba mwenyewe. Mabishano yamepungua sana, na hilo kwangu lina thamani kuliko hata zile kilo, maana mkulima akiona ametendewa haki msimu ujao anarudi.

Kupima umeme hakukuhitaji kununua chochote. Msimamizi wa zamu anapiga picha mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, kabla ya kuwasha mota na baada ya kuzima, anaituma WhatsApp pamoja na idadi ya magunia yaliyosagwa. Uniti kwa gunia zikianza kupanda, tunafungua kinu. Mara nyingi nyundo zimelika au chekeche limeziba.

Mali kauli, yaani unga unaoutoa kwa mkopo, nayo iandike kwenye simu: jina, viroba na tarehe ya kulipa, na wateja walipe kwa lipa namba. Benki wakikuomba kumbukumbu za mauzo utakuwa nazo.

Vijana wa kiwandani waeleze mapema kwamba kipimo hakiji kuwafukuza kazi, na ulitimize hilo. Wakiogopa, namba utakazoletewa hazitakusaidia.

Mtambo mkubwa zamu yake ikifika, muulize muuzaji fundi wake anakaa wapi. Akisema Dar es Salaam, ongeza kwenye bei nauli yake na siku ambazo kiwanda kitasimama kikimsubiri.